Mawe ya Gedi na Matope ya Mtaa Wetu

Kila nikiweka video ya Gedi, komenti huwa za aina mbili. Ya kwanza: "Kumbe Kenya tuko na hii kitu?" Ya pili: "Hiyo ilijengwa na Waarabu, usitubebe ufala."

Huyo wa kwanza tunaelewana. Huyo wa pili ndiye amenifanya niandike haya yote, juu video ya dakika moja haiwezi kumjibu. Na jibu lake linatuhusu sisi wa Kibera na Kawangware kuliko vile anafikiria.

Wacha nianze na mahali penyewe. Unashuka treni Mombasa, unashika matatu ya Malindi, unapita Mtwapa, unapita Kilifi, unashukia Gede, pale njia ya kwenda Watamu inapokata. Unatembea kidogo unaingia msituni, halafu msitu unaanza kuwa na kuta. Kuna mibuyu mikubwa. Kuna miti yenye mizizi imekumbatia mawe vile abiria hukumbatia mzigo wake kwa matatu iliyojaa. Kuna tumbili wanakukagua kama soja wa geti. Na katikati ya hayo yote kuna mji. Sio nyumba moja, ni mji mzima: njia, visima, makaburi, misikiti, na jumba la mtawala.

Mji huo ulianza karibu karne ya 12, ukanawiri karne ya 15, na kufikia karne ya 17 ulikuwa mtupu. Kaburi moja pale lina mwaka ulioandikwa kwenye jiwe: 802 kwa hesabu ya Kiislamu, yaani 1399. Kwa karne nyingi msitu uliufunika. Kuanzia 1948 Mwingereza mmoja anayeitwa James Kirkman alisafisha na kuchimba kwa karibu miaka kumi, na Julai 2024 UNESCO iliingiza Gedi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hiyo ni juzi tu. Wengi wetu tulikuwa na simu mkononi siku hiyo na habari haikutufikia.

Katikati ya mji kuna Msikiti Mkuu. Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu ukiuelewa huo msikiti umeanza kuwaelewa watu wake.

Paa halipo, lilianguka zamani. Lakini ukiangalia mabaki ya nguzo unaweza kulirudisha kichwani: safu tatu, kila safu nguzo sita, zikibeba paa bapa la mawe na chokaa. Usitafute mnara. Misikiti mingi ya zamani ya Pwani haikuwa na mnara. Mwadhini alipanda paani akaadhini kutoka huko. Ukuta wa kaskazini ndio wenye mihrabu, ile sehemu imamu anasimama mbele ya watu, kwa sababu kutoka Pwani yetu Makka iko upande wa kaskazini. Mihrabu yenyewe ilipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyobandikwa ndani ya ukuta. Mtu alileta bakuli zuri kutoka ng'ambo ya bahari na badala ya kulia chakula akalipandikiza pale, ili kila anayesali alione.

Kwa mlango wa mashariki, juu ya tao, kuna mchoro wa kichwa cha mkuki uliochongwa kwenye jiwe. Mkuki! Juu ya mlango wa msikiti! Pwani ya zamani mkuki ulikuwa alama ya utawala, na fundi hakuona shida kuuweka hapo. Na nje kuna kisima, birika la maji ya udhu, na mahali pa kuosha miguu kabla ya kuingia. Maji yanatoka kisimani, yanapita kwa mfereji mdogo, yanaingia birikani. Hakuna pampu, ni mteremko uliopigiwa hesabu vizuri.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na baada ya hapo nilifanya mjengo miezi kadhaa huko Kileleshwa, kubeba mawe ya Ndarugo na kukoroga simiti. Kwa hivyo nikiona ukuta, huwa siangalii urembo kwanza. Naangalia kazi. Nauliza: haya mawe yalitoka wapi, nani aliyabeba, na nini kimeyashikanisha?

Gedi kuna mawe ya aina mbili, na yote ni matumbawe. Kuna yale ya nchi kavu, matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba mgumu. Hayo unachimba, unavunja, unajazia ukuta. Halafu kuna matumbawe ya baharini yenyewe. Hayo hukatwa maji yakipwa, yakiwa bado laini, na fundi ana haraka ya kuyachonga kabla hayajakauka, kwa sababu yakikauka yanakuwa magumu. Hayo ndiyo ya mihrabu, fremu za milango na nakshi. Na simiti yao ilikuwa chokaa. Unapanga rundo la magogo, unaweka vipande vya matumbawe juu, unachoma mpaka viive, halafu unaachia unga ule muda ulale na unyevu kabla ya kuutumia. Ukiharakisha, ukuta unakuumbua. Fundi yeyote wa Kawangware anajua hiyo hadithi, ni vile tu yeye anaisimulia na mchanga mchafu na simiti iliyopunguzwa na mwenye mjengo.

Sasa hapa kuna kitu kilinishtua. Nyumba za mawe za Pwani, mapaa yake yalibebwa na boriti za mikoko. Mkoko ni mti mgumu, mchwa hawaupendi, lakini hauwezi kuvuka nafasi kubwa. Kwa hivyo vyumba ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi upana wake ni kati ya mita mbili na nusu na tatu. Piga hesabu. Mita tatu ni kama futi kumi. Yaani tajiri wa Pwani, mwenye bakuli la Uchina kabatini, alilala kwenye upana ule ule wa keja ya kumi kwa kumi ya Gatwekera! Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na vyumba kadhaa na ua wa kupunga upepo. Sisi tunapanga kitanda, kochi, jiko na watoto wanne ndani ya hicho kimoja.

Ndiyo maana pia msikiti una nguzo nyingi hivyo. Kila nguzo iko pale kwa sababu boriti iliyo juu yake imefika mwisho wa nguvu zake. Hata safu ya katikati inakaa mbele ya mihrabu, inakuzuia kuiona vizuri ukiwa nyuma. Hawakuwa wameshindwa na usanifu. Walijenga kwa mti waliokuwa nao.

Na walikuwa na vyoo, wasee. Ndani ya nyumba. Zile nyumba kubwa zina choo na mahali pa kunawa, na kwenye nyua kuna mifereji ya kupeleka maji ya mvua shimoni. Hii ni mamia ya miaka kabla Nairobi haijakuwa hata kambi ya reli mwaka wa 1899. Na leo, mji mkuu wa nchi ile ile, kuna ploti kumi na mbili zinagawana choo kimoja chenye kufuli, na ufunguo uko kwa mtu ambaye amelala.

Turudi kwa msee wa "ilijengwa na Waarabu". Hilo wazo hakulitunga yeye. Kirkman mwenyewe, aliyeichimba Gedi, alichapisha kitabu mwaka wa 1954 na kwenye jina la kitabu akauita mji wa Kiarabu. Enzi ya ukoloni ndivyo wasomi wengi walivyouona mwambao wote: ukiona jiwe limechongwa vizuri, basi lazima mgeni alikuja nalo. Mwafrika aliachiwa sehemu ya kubeba.

Lakini wachimbaji waliokuja baadaye walipata kitu kingine. Miaka ya 1980 Mark Horton alikuwa anachimba Shanga, kisiwa cha Pate, upande wa Lamu. Kuna msikiti wa mawe pale. Alichimba chini yake akapata msikiti mwingine. Akachimba chini ya huo, mwingine. Na mwingine. Alipofika chini kabisa, karne ya 8, hapakuwa na jiwe. Palikuwa na matundu ardhini, pale vijiti vya ukuta vilisimamishwa. Msikiti wa kwanza wa Shanga ulikuwa kibanda kidogo cha miti na udongo. Watu wakakijenga upya, na tena, na tena, pale pale, kila kizazi kikiongeza nguvu kidogo, mpaka mwisho kikawa cha mawe.

Hiyo inabadilisha kila kitu. Mtu akileta jengo tayari kutoka ng'ambo, hupati hizo hatua. Hatua unazipata kwa watu wanaoishi mahali, wanajaribu, wanaboresha.

Na damu je? Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa Pwani kati ya mwaka wa 1250 na 1800 hivi, Mtwapa na Manda huku kwetu, Kilwa na Songo Mnara huko Tanzania. Wengi wao nasaba yao ilichanganyika: upande wa mama hasa Waafrika, upande wa baba wengi wakiwa na asili ya Uajemi, kuanzia karibu mwaka wa 1000. Kwa hivyo ndiyo, wageni walikuja, wakaoa, wakakaa. Hakuna haja ya kukataa. Lakini watoto walikulia lugha ya mama, na lugha ya mama ndiyo hii ninayoandika. Dini ilikuja na jahazi. Bakuli lilikuja na jahazi. Chokaa ilichomwa hapa, na mtu wa hapa.

Hapa sasa ndipo naona swali lenyewe lina kasoro. Tunabishana ni Mwarabu ama Mswahili aliyejenga, kana kwamba wenye mji ndio waliobeba mawe. Nimefanya mjengo. Ninajua kwamba mwenye nyumba na mjenzi wa nyumba ni watu wawili, na mara nyingi hawajuani hata majina.

Gedi ilikuwa na kuta mbili za kuuzunguka mji. Ndani ya ukuta wa ndani kulikuwa na Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, na nyumba za mawe za matajiri. Wachimbaji walizipa majina ya vitu walivyopata ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri. Kati ya ukuta wa ndani na wa nje waliishi watu wa kati na wa chini. Nje zaidi, watu wengine, mashamba yao. Inakadiriwa mji ulikuwa na watu kama 2,500 au zaidi. Wengi wao hawakulala kwenye mawe. Walilala kwenye nyumba za udongo, fito na makuti.

Ukienda leo, hizo nyumba huzioni. Unatembea juu yake. Ile nafasi tupu yenye majani makavu kati ya kuta mbili, ambapo watu hupita haraka kwenda kupiga picha ya jumba, hapo ndipo mji mwenyewe ulikuwa. Hapo ndipo alikaa mchoma chokaa, mkata matumbawe, mchota maji wa lile birika la udhu, mama aliyepikia mafundi. Mawe yamebaki, wao wameyeyuka na mvua. Na sisi tunaangalia kilichobaki tunasema: hii ndiyo Gedi.

Simama pale kidogo halafu ufikirie Nairobi. Ukitoka Kawangware ukavuka kidogo tu uko Lavington. Ukitoka Kibera asubuhi kwa mguu, saa moja unakuwa Kilimani kwa mjengo. Saa kumi na mbili asubuhi Ngong Road imejaa watu wenye buti za simiti na mifuko ya nguo za kubadilisha. Wanaenda kupandisha ghorofa ambazo zitasimama, jioni wanarudi kwa kuta ambazo hazitasimama. Miaka 500 ijayo mtu akichimba Nairobi, atapata minara ya Upper Hill na Westlands, aipe majina mazuri. Nyumba ya Lifti. Nyumba ya Bwawa la Kuogelea. Halafu ataandika kwamba hawa ndio waliokuwa watu wa Nairobi.

Hii kitu inaniuma kwa sababu maalum.

Mimi nilizaliwa Kawangware, upande wa Gatina, kwa nyumba ya udongo na mabati. Shosho ndiye alikuwa anaukandika ule ukuta. Kila mvua ya Aprili ikiisha, ukuta ulikuwa umekula upande mmoja, na yeye alikuwa anatoka na karai. Alikuwa na udongo wake maalum. Wa kando ya mto hakuutaka, alisema haushiki. Alikuwa anachanganya na majivu na mavi ya ng'ombe, anaukanyaga kwa miguu, anauacha ulale usiku mmoja na gunia juu. Asubuhi anaukandika kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, akipitisha maji mwisho uwe laini. Usiku mmoja wa kulala! Kama tu wale wa chokaa. Hakuna mtu aliwahi kumwita fundi.

Mwaka wa 2019 ploti iliuzwa, tukapewa wiki mbili tutoke. Tukahamia Kibera. Pale Gatina sasa kuna ghorofa sita. Shosho alifariki mwaka uliofuata.

Nimetafuta picha ya ule ukuta kwa simu za familia nzima, kwa albamu ya auntie, kila mahali. Hakuna. Picha za pale nyumbani ziko nyingi: birthday, ubatizo, siku binamu yangu alifaulu mtihani. Lakini kila mara kabla ya picha, mtu alikuwa anasema "ngoja kwanza", anatundika shuka ama leso nyuma yetu. Ili ukuta usionekane. Kwa hivyo niko na picha thelathini hivi za leso.

Msikiti wa Gedi, mtu alibandika mabakuli ukutani ili ukuta uonekane. Sisi tulitundika leso ili usionekane. Sisemi hivyo kulaumu mtu. Mathe alikuwa anatulinda, alijua dunia inavyomsoma mtoto aliyepigwa picha mbele ya matope. Lakini fikiria tumefanya hivyo nyumba ngapi, kwa miaka mingapi, halafu mtu anakuja kuuliza mbona mtaa hauna historia.

Na mtaa uko nayo. Kibera ni ya zamani karibu kama Nairobi yenyewe. Wanubi, askari wa King's African Rifles ambao asili yao ni pande za Sudan, walipewa kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu. Mwaka wa 1918 ardhi hii ilipotengwa rasmi ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Mwaka wa 2017, Wanubi walipopewa hati miliki, ilikuwa ya ekari 288. Hiyo hesabu peke yake ni kitabu kizima. Halafu Julai 2018, nyumba za maelfu ya watu na shule kadhaa zikabomolewa kwa siku chache kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mimi hupita hiyo barabara. Ni lami nzuri, sidanganyi. Lakini hakuna kibao hata kimoja kinachosema nani alikuwa anaishi pale. Gedi ilichukua karne nyingi kumezwa na msitu. Huku tingatinga linamaliza kabla ya saa nne.

Kuna watu wataniambia: lakini matope ni matope, huwezi kulinganisha kibanda na msikiti wa mawe. Nitawajibu kwa vitu viwili.

Cha kwanza, ile orodha ya UNESCO yenyewe. Kabla Gedi haijaingia, mwaka wa 2008 iliingiza misitu ya kaya za Wamijikenda. Kwenye kaya hakuna jumba la mawe. Kuna msitu, njia, na mahali ambapo nyumba za miti na nyasi zilikuwa, na wazee wanaojua nini kilifanyika wapi. Hicho ndicho kilichohesabiwa: kwamba watu bado wanajua. Jiwe halikuhitajika. Kumbukumbu ilitosha, kwa sababu kuna watu waliishika.

Cha pili, jiwe halikuiokoa Gedi. Huu mji ulikuwa na kuta mbili, kaure ya Uchina na shanga za Venice, na bado watu walihama. Kwa nini? Sababu ziko kadhaa na huenda zilishikana. Wareno walifika Malindi mwaka wa 1498, biashara ikayumba. Mwaka wa 1589 Wazimba walipita mwambao huu wakiharibu miji. Mwaka wa 1593 Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa, na mtawala wa Malindi akaenda nao, upande huu ukabaki bila ulinzi. Waoromo wakawa wanashuka kutoka kaskazini. Na kuna sababu moja ambayo mtu wa Kibera ataielewa haraka kuliko profesa: maji. Visima vya Gedi vinaonyesha vilichimbwa tena, chini zaidi, hata kile cha karibu na Msikiti Mkuu. Maji yalikuwa yanazama na watu wanayafuata. Fikiria ile foleni. Fikiria siku birika la udhu lilikaa kavu. Sisi tunaojua mtungi wa lita ishirini unapanda bei mfereji ukikauka, hatuhitaji kuelezwa vile mji unaisha. Haianzi na vita. Inaanza na mtu kusema "wacha nijaribu kisima cha ng'ambo".

Kwa hivyo jiwe linaweka umbo la mji, sio mji. Mji ni watu wanaojua wapi udongo unashika, wapi maji yako, nani alijenga nini. Gedi ilipoteza hiyo sehemu. Hatujui jina la hata fundi mmoja wa ule msikiti. Aliyechonga ule mkuki juu ya mlango, kazi yake imekaa miaka mingi hivyo, na hatuna hata herufi moja ya jina lake. Hapo ndipo sisi tuko na bahati kuliko wao. Mafundi wetu bado wako hai. Wako pale nje, wanakunywa uji.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji pesa. Kila mtu anayesoma hii ana simu. Wiki hii, piga picha ya ukuta. Sio wewe mbele ya ukuta, ukuta wenyewe. Mlango, paa kwa ndani, pale mabati yameshikwa na mawe yasipeperuke. Pima chumba kwa hatua zako uandike. Halafu muulize mtu mzima zaidi hapo nyumbani maswali manne: Nani alijenga hii? Mwaka gani? Udongo, ama mabati, yalitoka wapi? Kabla ya hii kulikuwa na nini hapa? Rekodi sauti. Weka mahali pawili, simu ikiibwa usilie. Kama uko Kawangware fanya haraka zaidi, juu ghorofa zinapanda kila mwezi na ploti za zamani zinaisha.

Usingoje ionekane ya maana. Wale wa Shanga waliosimamisha vijiti karne ya 8 hawakuwa wanajenga urithi. Walikuwa wanataka mahali pa kusali mvua ikinyesha.

Mimi nimeanza na jirani yangu hapa Lindi, mama mmoja ambaye amekaa nyumba moja tangu miaka ya 1980. Mara ya kwanza alikataa, akasema ukuta ni mchafu. Mara ya pili akaniambia ningoje kwanza atafute leso. Mara ya tatu alitoka na kiti, akakiweka kando ili kisizibe chochote, akaweka kiganja chake kwenye udongo kuonyesha ukubwa, na akaanza kunihesabia: huu upande aliukandika marehemu bwanake, huu ni yeye na dada yake, na hapa chini, hizi alama ndogo za vidole, ni mtoto wake wa kwanza, alikuwa na miaka sita.